Tumechangia Matibabu, Si Matembezi

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia nikiwa Mumbai, India, mtaa wa Byculla, katika chumba cha ghorofa ya tatu ambacho dirisha lake linatazama njia ya treni. Nina miaka 31, ni fundi cherehani wa Ngamiani, Tanga. Nilikuja huku mwishoni mwa mwezi wa sita nikimsindikiza mama yangu kwa upasuaji wa uti wa mgongo. Alhamdulillahi, upasuaji ulikwenda salama. Sasa yuko kwenye wiki sita za mazoezi ya viungo, na daktari amesema hapandi ndege mpaka zikamilike. Tumebakiza siku 17.

Pesa iliyotuleta ni ya mchango. Walitoa ndugu, majirani, kikoba cha mama na watu wa msikitini. Fungu kubwa lilitoka kwa kaka yangu aliyeko Dar es Salaam, ambaye aliuza kiwanja chake cha Pongwe. Hospitali na chumba vilikwisha lipwa. Mimi nilikabidhiwa pesa ya matumizi: rupia 1,100 kwa siku, watu wawili. Rupia moja ni kama shilingi 30 za kwetu, kwa hiyo ni kama elfu 33. Ukiwa Tanga unaziona nyingi. Lakini mama lazima ale: supu, samaki, maziwa, matunda. Lazima apande teksi kwenda na kurudi, maana bajaji, ambazo mimi nilijua India ndiko kwao, huku kusini mwa jiji haziruhusiwi. Kuna maji ya chupa, rupia 20 lita moja. Kuna vocha na dawa ndogondogo.

Mama anaingia mazoezini saa nne asubuhi, anatoka saa saba. Sisi wasindikizaji haturuhusiwi ndani. Wiki ya kwanza nilikaa kwenye benchi ukumbini mpaka nikajua vigae vya sakafuni kwa idadi. Siku ya nane mama akaniambia, "Wewe umekuja kunilinda mimi au kulilinda hilo benchi? Toka, mwanangu, ukaone mji." Nikatoka.

Mama Mshauri, sikujua kama mji mkubwa namna hii unaweza kutembelewa kwa pesa ya kashata. Treni kutoka Byculla mpaka kituo kikuu cha CSMT ni rupia 5, daraja la pili, na kuna mabehewa ya wanawake peke yao. Nilishuka nikasimama nje ya kile kituo, pale langoni penye simba na chui milia wa mawe, shingo ikaniuma kwa kutazama juu. Kutoka pale natembea. Nimefika Gateway of India, lile lango kubwa la mawe kando ya bahari, nimekaa kwenye ukingo wa Marine Drive nikitazama mawimbi ya masika yao, nimeingia Mani Bhavan, nyumba aliyokuwa akifikia Gandhi, ambako hawadai kiingilio. Njaa ikinibana nanunua vada pav, ile badia ya viazi ndani ya mkate, na pilipili kavu ya vitunguu saumu. Rupia 20. Chai ya kikombe kidogo, rupia 10 au 15. Siku niliyotaka kwenda kisiwa cha Elephanta kuona mapango niliambiwa mwenyeji analipa 40 na mgeni 600, bado boti. Niligeuka pale pale gatini.

Jioni mama ananiuliza, "Leo umeona nini?" Namsimulia. Nilipomwambia kuwa sokoni nimemsikia mfanyabiashara wa vitambaa akitaja "lakh" na kumbe ni laki yetu ile ile, alicheka mpaka akashika mgongo. Hakuwa amecheka tangu tulipotoka nyumbani.

Kila senti naiandika kwenye daftari. Matembezi 15 yamekula rupia 1,290, na zote nimezitoa kwenye chakula changu cha mchana. Tena kwa kujibana hivyo nimebakiza rupia 4,300.

Sasa shida. Wiki iliyopita niliweka picha stetasi ya WhatsApp, niko Gateway, nimevaa gauni nililoshona mwenyewe, nacheka. Mtoto wa shangazi akaipiga skrinishoti akaitupa kwenye kundi la familia lililofunguliwa kwa ajili ya matibabu ya mama. Kaka akaandika mstari mmoja: "Tumechangia matibabu, si matembezi." Watu 34 wamo humo. Hakuna aliyenitetea, na mimi sikujibu. Tangu siku hiyo kaka anampigia mama, hanipigii mimi.

Nikuambie na ya ndani. Mara moja nilipanda behewa la daraja la kwanza bila kujua, mkagua tiketi akanitoza faini ya rupia 250 na nauli juu yake. Kwenye daftari nimeandika "dawa ya maumivu". Na kuna siku nilikwenda Dadar kuona soko la maua, mvua ikashuka, maji yakafunika reli, treni zikasimama. Nilirudi saa tisa badala ya saa saba. Nilimkuta mama ukumbini kwenye kiti cha magurudumu, hajala, hajameza dawa ya mchana. Mama mmoja wa Mombasa anayemuuguza mwanawe, tunapanga nyumba moja, ndiye aliyempa chai. Usiku kaka alipopiga, mama akamwambia nilikuwa naye kutwa nzima.

Kwa kuwa mimi ni fundi, huko soko la Bhuleshwar nimeona lesi na mapindo ya sari kwa bei ambayo nikikutajia utadhani natania. Nawaza: nikizitumia zile 4,300 kununua mzigo, nikiuza Tanga nitarudisha zote na faida. Au nizirudishe kwa kaka kama zilivyo? Au nimpeleke mama Haji Ali? Tangu tufike anapaulizia, anasema baba yake mvuvi alikuwa akimsimulia msikiti wa Bombay ulio katikati ya maji.

Na niache kutoka? Zile saa tatu ndizo zinazonifanya niweze kumgeuza mama usiku bila kulia. Sijawahi kwenda mbali zaidi ya Dar. Najiona kama nimezaliwa upya, halafu najichukia, kwa sababu nimezaliwa upya kwa mgongo wa mama yangu.

Msindikizaji, Byculla

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mpe mama pole yangu, na wewe pia pole. Hiyo yako najua bado hujapewa na mtu.

Kabla sijasema lolote nikuambie upande wangu ulipo, usije ukanidhania hakimu. Mwaka 2009 nilikaa Mumbai wiki tano na marehemu mume wangu. Sikutoka. Nilitoka duka la dawa nikarudi, nilitoka kwa muuza ndizi nikarudi. Niliona ndiyo heshima ya mgonjwa. Mpaka leo mtu akiniuliza Mumbai ikoje, ninachoweza kumweleza vizuri ni rangi ya pazia la wodi. Na mume wangu, Mungu amrehemu, siku moja aliniambia kwa sauti ya kuchoka, "Wewe mbona huna habari yoyote ya kunipa?" Kwa hiyo nikisoma barua yako nasoma na hiyo yangu kwa chini. Uipunguze pale utakapoona imezidi.

Sasa nione kama nimekuelewa. Una saa tatu kwa siku ambazo hazimhitaji mtu yeyote, mama mwenyewe ndiye aliyekusukuma uzitumie, na umezitumia kwa pesa ambayo haifiki hata shilingi elfu arobaini kwa karibu mwezi mzima. Picha moja imefanya yote hayo yaonekane kama starehe juu ya mgongo wa mgonjwa. Umenyamaza kwenye kundi, kaka kanyamaza kwako, na katikati ya ukimya huo kuna vitu viwili vidogo ambavyo kaka hajavisikia kutoka kwako. Unaniuliza kuhusu lesi, kuhusu kurudisha pesa, kuhusu Haji Ali. Lakini naona ulivyoandika kwa urefu kuhusu kucheka kwako na kwa ufupi kuhusu faini, nami najiuliza ni lipi hasa linalokunyima usingizi.

Tuanze na kaka. Wewe umesoma ule mstari wake kama hukumu. Inawezekana ndivyo. Lakini jaribu kuiona ile picha kwa macho yake. Haioneshi tiketi ya rupia 5. Haioneshi vada pav uliyokula badala ya wali. Inaonesha bahari, jengo kubwa la mawe na dada yake anacheka, na yeye yuko Dar, hana kiwanja tena, hajamwona mama tangu siku ya uwanja wa ndege. Anayechangia kutoka mbali hana cha kushika ila picha. Nimeona familia nyingi ambamo aliyetoa pesa nyingi ndiye mwenye hofu nyingi, na hofu ya mwanaume kwetu mara nyingi inatoka mdomoni ikiwa na sura ya hasira. Sisemi ndiye yeye. Nasema hujamuuliza.

Na kuna jambo jingine ambalo huenda halijakupitia: unajuaje kwamba hajui habari ya siku ya mvua? Mama wa Mombasa alimpa mama yako chai. Watu wa nyumba moja ya wagonjwa huzungumza, na simu zinaruka bahari. Inawezekana hasira yake haina uhusiano wowote na Gateway.

Kuhusu pesa, wewe unasema umezitoa kwenye chakula chako, kwa hiyo ni zako. Hapo nakuomba tusimame kidogo. Wale waliochanga walipokuwekea sahani ya mchana hawakukupa zawadi. Walijua kuna mtu lazima amnyanyue mama, amgeuze, amshike akielekea chooni. Vada pav ni tamu, hasa kwenye mvua, lakini badia na mkate kwa siku kumi na tano si chakula cha mtu anayebeba mgonjwa. Ukianguka wewe, nani atampigia kaka simu, na atamwambia nini? Sikuhesabii kosa. Nataka tu uone kwamba huko kujibana, ambako wewe unakuona ndiyo utetezi wako, kaka anaweza kukuona ndiyo shitaka lenyewe.

Halafu zile 4,300. Kwa sheria ya daftari ni masalio ya mchango. Kwa hisia zako ni jasho la njaa yako. Yote mawili yana ukweli, na ndiyo maana ni vigumu. Mali ya mchango haipimwi kwa wingi wake. Mtu aliyetoa shilingi elfu mbili msikitini anajiona amemtibu mama yako sawasawa na aliyeuza kiwanja, na akisikia zimenunua lesi, hatauliza faida.

Haya, tutazame njia zilizopo, na miiba ya kila moja.

Unaweza kuacha kutoka kabisa, siku 17 ukarudi kwenye benchi lako. Utawanyamazisha watu 34. Lakini umeandika mwenyewe kwamba zile saa tatu ndizo zinazokufanya umgeuze mama bila kulia. Na jioni akikuuliza umeona nini, utamjibu nini? Atajua. Mgonjwa akijua kwamba mtu amejifungia kwa ajili yake hubeba mzigo wa pili juu ya ule wa mgongo. Nililipa bei hiyo, nilikuambia.

Unaweza kuendelea kimya kimya: hakuna picha, hakuna stetasi, nani atajua. Wengi wangekushauri hivyo na wasingekuwa wajinga. Ugumu ninaouona ni kwamba siri hii tayari ina wanachama wawili. Mama alimwambia kaka ulikuwa naye kutwa nzima. Alikufunika kwa mapenzi, lakini sasa yeye naye ana cha kuficha, na yuko kitandani. Sijui kama umezungumza naye kuhusu hilo. Unaweza kuanzia hapo, tena bila kuomba radhi kwa maneno mengi. Mwulize tu: "Mama, siku ile kwa nini ulimwambia kaka hivyo?" Halafu unyamaze umsikilize.

Njia nyingine ni kulifungua daftari. Lipige picha ukurasa kwa ukurasa. Kama ungeniuliza umtumie nani kwanza, ningesema fikiria kumtumia kaka peke yake kabla ya kundi, maana mtu akiaibishwa mbele ya watu 34 huanza kujitetea mbele ya watu 34, na hapo hamtasikilizana. Kupiga simu kuna heri kuliko kuandika. Saa tatu usiku kwenu ni saa kumi na mbili na nusu jioni Dar, pengine ndio anatoka kazini, kwa hiyo mwache ale kwanza. Mwiba wake ni huu: ukilifungua daftari, utafungua na ule mstari wa "dawa ya maumivu". Ukiufuta kwanza ndipo ulitume, utakuwa umetuma daftari jingine. Ukiuacha, siku moja mtu atauliza dawa gani. Ukiueleza, kaka anaweza kucheka, maana wageni wangapi wameingia daraja la kwanza la Mumbai wakidhani treni leo ina nafasi, na anaweza pia kusema, "Kumbe." Hakuna anayeweza kukuhakikishia lipi. Wewe unamjua kaka yako, mimi namjua kwa mstari mmoja tu.

Siku ya mvua naiona nzito kuliko faini. Mama alikosa dawa. Na hapo naona swali la "nitoke au nisitoke" linaweza kugawanywa. Dadar ni vituo vinne tu kutoka hapo Byculla, na bado ulikwama, kwa sababu masika ya Mumbai, mwezi wa sita mpaka wa tisa, yanafunika reli kila mwaka, na treni zikisimama teksi nazo hazipatikani. Kuna tofauti kati ya kutoka kwa treni mvua ikiwa imefunga na kutoka kwa miguu. Hapo hapo mtaani kwako kuna makumbusho ya Bhau Daji Lad, ya tangu mwaka 1872, ndani ya bustani ya wanyama ya Byculla, na ukiwa hapo unaweza kurudi hospitali kwa miguu hata maji yakifika kifundoni. Jumatano wanafunga. Soko la Crawford na mitaa ya Mohammed Ali Road nayo si mbali kwa mtu mwenye miguu ya Ngamiani. Na yule mama wa Mombasa, je, mmewahi kukaa mkapangana? Leo wewe uangalie wagonjwa wote wawili, kesho yeye. Pengine naye ana benchi lake ambalo hakuna mtu amemwambia aliache.

Lesi. Mwanangu, hapa moyo wa biashara unakuonesha kitu cha kweli. Bhuleshwar wanakuja wafanyabiashara kutoka kila pembe, na fundi anayejua ushonaji anaona thamani ambayo mtalii haioni. Lakini hesabu bado haijakamilika. Kilo za mzigo kwenye ndege ulizokata na mama mgonjwa ni ngapi? Forodha je? Tanga wateja wako wananunua kwa mkopo au taslimu? Na ukifika, mwezi wa kwanza utakuwa kwenye cherehani au utakuwa unamuuguza mama? Mzigo ukikaa kwenye sanduku miezi mitatu, zile 4,300 zitakuwa zimegeuka kuwa maneno. Kuna wanaolitatua hilo kwa kusema wazi: "Kaka, kuna masalio haya, naomba uniazime, nitarudisha tarehe fulani." Ikikubaliwa inakuwa mkopo wenye mwenyewe. Ikikataliwa, umejua. Kuna pia anayenunua mita chache tu kama mfano na kuchukua namba ya duka. Wenye maduka huko wamezoea wateja wa mbali. Lakini usidanganyike kwamba faida ikipatikana itafuta neno "matembezi". Faida inaweza kulifanya likue, wakasema alikwenda biashara.

Kurudisha pesa kama zilivyo ni njia safi kuliko zote kwa kuitazama. Nina swali moja tu juu yake: ungezirudisha kwa sababu ni haki ya watu, au ili kaka aone aibu? Bahasha ni ile ile, ila mpokeaji huhisi tofauti.

Sasa kuhusu yale maneno ya mwisho, ya kuzaliwa upya kwa mgongo wa mama. Nimeyasoma mara tatu. Unadhani furaha yako imeibwa kutoka kwenye maumivu yake, kama vile ilikuwepo moja tu na mmegombania. Lakini hebu rudi kwenye ile laki. Ulitoka, ukasikia neno sokoni, ukalibeba mpaka kitandani kwa mama, akacheka mpaka akashika mgongo wake. Hilo lipo kwenye daftari? Umeandika rupia ngapi? Sikuambii kwamba matembezi yako ni tiba, wala usimwambie kaka hivyo, atakuona unajipamba. Nakuuliza tu kama kweli unajua nani anafaidi nini. Huenda mama naye anautembelea mji huo kila jioni, kwa miguu yako, kwa rupia 5. Na yeye kaka, amewahi kusimuliwa hata kimoja? Umemtumia picha ya uso wako. Hujamtumia habari.

Tena ruhusa ya mama umeitaja kama jambo dogo, mstari mmoja, kisha ukaendelea. Mchango ni wa watu, lakini mgonjwa ni yeye, na bado ana akili zake timamu na ulimi wake. Katika ugomvi huu wote sijaona mtu aliyemwuliza. Mngeweza kumpigia kaka mkiwa wawili, simu mezani, mama akasema mwenyewe alichokuambia kuhusu benchi. Ila mtafute siku ambayo hana maumivu, na umwulize kwanza kama anataka. Wazazi wengine huumia zaidi kusikia watoto wao wamegombana kuliko kuumwa kwenyewe, na inawezekana hana habari ya lile kundi kabisa.

Kuhusu Haji Ali sitakuambia nenda wala usiende. Mwenye neno la kwanza ni yule anayemfanyisha mama mazoezi. Mwulize hatua ngapi anaweza, na kama kiti cha magurudumu kinafaa. Ile njia ya kuelekea kule inapita baharini, kama nusu kilomita, haina kingo za kushika, na mawe yake yakilowa yanateleza. Alhamisi na Ijumaa watu wanakuwa wengi mno kwa mtu mwenye mgongo mbichi. Kiingilio hakuna, kwa hiyo gharama yenu ni teksi, na pengine ukikaa na kaka kwenye simu unaweza kumwomba yeye ndiye ampeleke mama, yaani teksi hiyo iwe yake. Mkifika, mama anaweza kuingia mpaka ndani penye kaburi la Haji Ali mwenyewe. Wanawake walikuwa wamezuiwa, Mahakama Kuu ya Bombay ikaliondoa zuio hilo mwaka 2016. Na kama mtaalamu akisema bado, kuna ufukwe wa upande wa barabara ambako mtu anakaa ndani ya teksi na kuuona msikiti wote, mweupe, maji pande zote, kama babu yako alivyousimulia.

Maji yakijaa njia yote inazama, na mwezi huu wa saba mawimbi hayana mzaha. Usiende kabla ya kuulizia saa za maji kupwa, kwa sababu saa za Mumbai si za Tanga. Lakini bamvua ni bamvua kokote, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na unaye mtoto wa mvuvi hapo chumbani. Mfungulie dirisha usiku mawingu yakiachana, mwulize mwezi umefika ngapi.